Watu wanane watosha kwa utafiti wa mahojiano? Jibu langu

Dada uliyeuliza kama watu wanane watosha kwa utafiti wako wa saikolojia, na kama mahojiano ni mepesi kuliko kugawa hojaji: wepesi huo hakuna. Mimi yangu niliyafanya hapa Mombasa, Likoni na Mji wa Kale, na wake wa mabaharia, nikiuliza wanaishi vipi miezi ambayo mume yuko melini.

Kwanza idadi. Wenzako watakutajia watu 12. Hiyo ilitoka kwa watafiti Guest, Bunce na Johnson, mwaka 2006. Walipitia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria wakaona kwamba baada ya yale 12 ya mwanzo mengi ni marudio. Ni utafiti mmoja wenye swali lake, haukuwekwa uwe sheria. Wanane watosha kabisa wakikueleza mambo. Ishirini wa kukujibu "twashukuru Mungu" peke yake watakuacha mikono mitupu.

Na hapo ndipo penye kazi, kumfikisha mtu mahali pa kusema. Nyumba zetu mwazijua. Waingia, waletewa mahamri na chai, mama mkwe akaa papo hapo ukumbini, kwa heshima zote. Mmoja niliyemhoji kila swali jibu lake lilikuwa "tumezoea". Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, bi mkubwa akainuka kwenda kuswali, na yule dada, bila ya kuulizwa, akasema usiku hulala na simu kifuani, na ujumbe ukibaki na tiki moja hashiki usingizi mpaka alfajiri. Dakika zile chache zilinifaa kuliko saa nzima iliyotangulia. Kwa hivyo panga mahali na wakati kabla hujapanga maswali. Muulize mwenyewe wapi atakuwa huru, na ikiwa ni kwa shoga yake au kwenye bustani ya Mama Ngina, nenda huko.

Jambo jingine ni "si wewe wajua". Ukiwa mtoto wa hapa utaambiwa hivyo kila mara, hasa kama nyumbani kwenu pia kuna baharia kama kwetu. Usitikise kichwa. Mwambie, "Nieleze kama sijui kitu, shangazi." Usipofanya hivyo, ukirudi kuandika utakuta wazo ni lako, maneno yake hayamo. Weka daftari la pembeni uandike kila jioni wewe mwenyewe uliona nini, uliudhika wapi, ulimhurumia nani. Msimamizi wako atalitaka, na lina faida kweli.

Vibali nitapita haraka: barua ya kamati ya maadili ya chuo, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayotoa ruhusa za utafiti, huombwa mtandaoni. Anza mapema, na usirekodi mtu kabla hujazipata. Sauti ya mtu ni data binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kwa hivyo isikae kwenye simu ambayo wadogo zako wanachezea.

Kubadilisha jina tu mtaani kwetu hakumfichi mtu. "Bi Z, mumewe injinia wa meli, ana pacha, anakaa nyuma ya msikiti" ni kama umemtaja kwa kipaza sauti. Badilisha kazi ya mume, idadi ya watoto, mtaa. Akianza kulia, zima rekoda, muulize kama aendelee au aache, na uwe na nambari ya mshauri ya kumpa. Wewe ni mwanafunzi, usijigeuze tabibu.

Uchambuzi sasa. Andika mwenyewe kutoka kwenye sauti, neno kwa neno, pamoja na kunyamaza. Itakula siku zako, lakini ndipo utakaposikia kwamba mtu alinyamaza kitambo kabla ya kusema "tumezoea". Wengi hufuata hatua sita za wanasaikolojia Braun na Clarke, makala yao ya 2006: kusoma tena na tena, kuweka lebo kwenye vipande vya maneno, kutafuta dhamira (yaani wazo linaloyaunganisha majibu), kuzipitia, kuzipa majina, kuandika ripoti. Utakapojikwaa ni kwenye dhamira. "Changamoto za kifedha" ni sanduku tu, lolote litaingia. Dhamira lazima iseme kitu: kwangu mojawapo ilikuwa kwamba kusubiri ni kazi, ina zamu zake, na mbele ya wakwe haionyeshwi. Braun na Clarke pia hawapendi kusikia kwamba dhamira "zilijitokeza" zenyewe. Umezijenga wewe, basi eleza ulivyozijenga.

Kabla hujaenda kwa mtu wa kwanza, mhoji rafiki mmoja kwa majaribio. Maswali yanayojibika kwa ndiyo au la yatajionyesha hapo hapo. Ukishaandika mwongozo wako uweke hapa, nitaupitia nikipata nafasi, inshallah kabla ya Ijumaa.