Msikurupuke Kuandika N3: Kwa Mnaoanza Kusoma PET ya Saratani ya Mapafu

Ripoti nilizosahihisha juma hili zina kasoro ileile ya miaka yote: kila tezi ya limfu inayong'aa katikati ya kifua imeitwa metastasi (saratani iliyosambaa), hata N3, yaani saratani imefika tezi za mbali, hasa za upande wa pili wa kifua, na kila isiyong'aa imepitwa kimya. Wadogo zangu, nawapenda na bidii yenu naiona, lakini kwa mwendo huu mtawanyima upasuaji watu waliostahili kupasuliwa.

1. Someni CT kabla ya kuwasha rangi za PET. Pimeni kipenyo kifupi cha tezi, kisha mtaje kituo chake, yaani namba ya eneo lake, kwa ramani ya IASLC (chama cha kimataifa cha utafiti wa saratani ya mapafu) ya 2009. Mpaka wa 4R na 4L (vituo vya kulia na kushoto kando ya trakea) ni ukingo wa kushoto wa trakea, wala si mstari wa katikati. Uvimbe ukiwa pafu la kulia, anayesahau hilo anageuza N2 (tezi za katikati ya kifua, upande wa uvimbe) kuwa N3 kwa milimita chache.

2. Kufunga kula, sukari ya damu chini ya 11 mmol/L, picha dakika 60 baada ya sindano ya FDG (glukosi yenye mionzi inayong'aa kwenye PET): hayo mnayajua. Msilolifanya ni kuuliza sindano iliingia mkono upi. Dawa ikivuja nje ya mshipa, tezi ya kwapa la upande huo huwaka, na nimeshaona kwapa la namna hiyo likipangiwa biopsi.

3. SUV (kipimo cha kung'aa kwenye PET) ya 2.5 si sheria. FDG hufuata seli zenye njaa ya glukosi, na seli za kinga zinazopambana na kifua kikuu, sakoidosisi au vumbi la silika zina njaa hiyohiyo. Hili nililijua vizuri siku nilipokosea. Mgonjwa alikuwa na uvimbe mdogo pembeni mwa pafu la kulia, na tezi za 4L, 10L na 10R ziking'aa kuliko uvimbe wenyewe. Hila zote mbili (mizizi ya mapafu, zilipo tezi za 10L na 10R) zilikuwa zimewaka kwa ulinganifu ambao ungepaswa kunishtua, na ndani ya tezi ya 4L palikuwa na chembe za chokaa zilizoonekana wazi kwenye CT. Ulinganifu nikautaja katikati ya ripoti, chokaa nikaiacha, na kwenye hitimisho nikaandika N3 bila kuongeza kwamba ithibitishwe kwa sampuli. Kwenye kikao cha saratani hakuna aliyesoma zaidi ya hitimisho, nami nilikuwa nimekaa palepale nikitikisa kichwa kukubali. Upasuaji ukafutwa, mpango wa mionzi na kemotherapia ukaanza kuandaliwa. Daktari wa kifua aliyekuja kuchukua faili ndiye aliyeuliza kwa nini hila zinafanana hivyo, akasisitiza EBUS (kuchoma tezi sindano kupitia njia ya hewa kwa kuongozwa na ultrasound). Sindano ilitoa granuloma (vifundo vya seli za kinga), bila seli hata moja ya saratani. Mgonjwa alipasuliwa, lakini majuma yalikuwa yamepotea, na aliponikuta kwenye korido akaniuliza kwa upole kama picha waliyoitazama mara ya pili ilikuwa ileile ya kwanza. Ilikuwa ileile. Tangu hapo, tezi yoyote inayoweza kumfungia mtu mlango wa upasuaji naiandika kuwa ya kushukiwa, na sentensi inayofuata inataja kituo cha kuchomwa sindano.

4. Giza nalo hudanganya. Tezi ya milimita chache inaweza kubeba seli za saratani bila kung'aa, na saratani kama kasinoidi pamoja na baadhi ya adenokasinoma zinazokua taratibu huvuta FDG kidogo mno. Uvimbe wa msingi usipong'aa, ukimya wa tezi zake hauna maana yoyote. Hata mediastinamu (eneo la katikati ya kifua) ikiwa tulivu, sampuli inahitajika iwapo uvimbe uko karibu na kitovu cha pafu, umezidi sentimita 3, au N1 (tezi za ndani ya pafu au hila ya upande wa uvimbe) inashukiwa. Mnaoandika "mediastinamu safi" mnanichosha, andikeni mlichokiona.

5. EBUS kwa kawaida haivifikii vituo vya 5 na 6 (kando ya aota), kwa hiyo mpasuaji aambiwe mapema ili apange njia nyingine. Ubongo hula sukari kila saa, kwa hiyo PET haitoshi kuonyesha kwamba hauna saratani, ombeni MRI. Vituo vya N2 vihesabiwe kimoja kimoja, kwa kuwa toleo la tisa la TNM (mfumo wa kupanga hatua za saratani) limetenga N2a ya kituo kimoja na N2b ya vituo zaidi, na ripoti inayosema tu "tezi kadhaa" nitairudisha mezani kwa aliyeiandika.