Utumbo mpana na takamwili: jibu kwa anayerudia Biolojia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Narudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na nimeanza marudio ya Biolojia tangu uainishaji wa viumbe hai hadi mifumo ya mwili wa binadamu. Kitini nilichonunua kinautaja utumbo mpana pamoja na figo, mapafu na ngozi kuwa viungo vya utoaji takamwili. Ninayesoma naye anasema ni kosa. Nani yuko sahihi? Pia mama yangu kila mwezi hunywa dawa ya kusafisha tumbo, ameambiwa inatoa sumu mwilini. Je, hilo nalo linaingia kwenye mada hii?

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, na hicho kitini kiweke kando. Kosa hili nalikuta kila ninaposahihisha, na linaniudhi kwa sababu haliishii kwenye alama za mtihani. Linamfuata mtu hadi dukani, kama lilivyomfuata mama yako.

Takamwili ni taka inayotengenezwa na seli zenyewe zikiwa kazini. Nyuzinyuzi za mchicha ulizokula jana hazijaingia kwenye seli yako hata moja. Njia ya chakula, kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ni kama tundu la shanga: uzi unapita katikati, lakini haujaingia ndani ya kioo chenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinyesi ni maji, mabaki ya chakula na bakteria. Kukitoa ni hatua ya mwisho ya mfumo wa mmeng'enyo, basi.

Ukitaka hoja ambayo hutaisahau, rudi kwenye sura ya uainishaji uliyoanza nayo. Wengi huisoma kama orodha ya majina: himaya tano za mwanabiolojia Whittaker za mwaka 1969, faila, ngeli, wakamaliza. Sasa mtazame tegu, yule mnyoo anayeishi ndani ya utumbo. Hana mdomo, hana utumbo, hana njia ya haja kubwa. Hufyonza chakula kilichokwisha kumeng'enywa kupitia ngozi yake. Hajawahi kutoa kinyesi maisha yake yote, lakini takamwili anatoa, na ana seli maalumu za kazi hiyo. Amiba naye, mwenye seli moja tu, takamwili yake, yaani amonia, hupenya utando wa seli na kutoka, ilhali mabaki ya chakula huyatema kutoka kwenye kivimbe cha chakula, yaani kifuko kidogo cha kumeng'enyea. Ni mambo mawili tofauti hata kwa kiumbe asiyeonekana kwa macho. Kuku ndiye anayewachanganya watu, kwa kuwa vyote hutokea tundu moja. Angalia kinyesi chake vizuri: ile sehemu nyeupe ni asidi ya uriki, yaani mkojo wake, na ile nyeusi au ya kijani ndiyo mabaki ya chakula. Mtahiniwa aliyeelewa hivi hahitaji kukariri jedwali.

Kwa binadamu, shughuli inaanzia kwenye ini. Protini inayozidi mahitaji huvunjwa na kuacha amonia, ambayo ni sumu kali kwa ubongo. Ini huigeuza kuwa urea, kwa mzunguko ambao Hans Krebs na Kurt Henseleit waliueleza mwaka 1932. Urea husafiri kwenye damu hadi kwenye figo. Kila figo ina nefroni, yaani vichujio vidogo sana, zipatazo milioni moja, na zote mbili kwa pamoja huchuja takribani lita 180 za maji ya damu kwa siku. Karibu yote hurudishwa mwilini. Unachokojoa ni kama lita moja na nusu. Kabonidayoksaidi hutoka kwa mapafu. Jasho hubeba chumvi na urea kidogo, ingawa kazi yake kubwa ni kupoza mwili.

Kuna jambo moja ambalo mtahini mkali anaweza kukuchokonoa nalo. Rangi ya kahawia ya kinyesi hutokana na bilirubini, iliyotoka kwenye himoglobini ya chembechembe nyekundu zilizozeeka. Hiyo ni takamwili halisi. Lakini iliyoitoa ni ini kupitia nyongo. Utumbo ni njia tu.

Sasa dawa ya mama. Nyingi ya dawa hizi ni za kumfanya mtu aharishe, sanamaki na jamii yake. Sanamaki ina matumizi yake kwa mtu aliyefunga choo, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwa muuzaji anayesema inatoa sumu. Sumu gani? Aitaje jina. Hospitali inapozungumzia takamwili kujaa kwenye damu, inataja urea na kreatinini, takamwili itokayo kwenye misuli, na inazipima. Muuzaji atakuonyesha uchafu uliotoka na kukuambia ulikuwa umeganda humo kwa miaka. Si kweli: ukuta wa utumbo hujivua seli zake na kuota mpya kila baada ya siku chache. Na uharishe utakavyo, figo hazijasaidiwa kwa lolote. Zinaumizwa, maana ukiharisha sana unapoteza maji, sodiamu na potasiamu, na damu inayofika kwenye figo inapungua.

Wengine wanauza kabisa dawa ya "kusafisha figo". Figo ndizo zinazosafisha, na hazina masizi ya kusuguliwa. Kwamba kitu ni mizizi au majani hakukifanyi kuwa salama. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wengi waliotumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene waliharibikiwa figo, wengine hadi kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Asidi ya mmea uliokuwa ndani ya vidonge hivyo ndiyo iliyowadhuru, na baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo. Walidhani wanajitunza.

Kinachoharibu figo za watu wengi ni shinikizo la damu na kisukari visivyotibiwa, na pia kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni mfululizo bila ushauri wa daktari. Figo haziumi mapema. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake huku akijisikia mzima, akinywa chupa yake ya kila mwezi na kuamini amejisafisha.

Mwambie mama aache hiyo chupa. Aende kituo cha afya apimwe shinikizo la damu, sukari, protini kwenye mkojo, na kreatinini kwenye damu kama kipimo kipo. Kama shida yake ni kukosa choo, aiseme hivyo hivyo kwa daktari. Na wewe, kwenye mtihani andika figo, mapafu, ngozi na ini.