Jibu la msomaji: Tapeli huanza kwa shikamoo

Swali la wiki hii lilikuwa: tuwalindeje wazee wetu na matapeli wa bima ya afya na wa mitandaoni? Najibu kutoka Tanga, na naanza na adabu, maana tapeli anaanzia hapohapo. "Shikamoo mama, napiga kutoka bima, kadi yako inafungwa leo jioni." Mzee wa Ngamiani au Chumbageni hakulelewa kumkatia simu mtu aliyemwamkia vizuri. Kumwambia "usiongee na watu usiowajua" hakumsaidii. Mpeni sentensi ya kujibu: "Mwanangu ndiye anayeshughulikia bima, nitamwambia." Akishaisema, akate. Hajamvunjia mtu heshima.

Pia aelezwe bima yake inalipwaje. Wazee wengi wenye kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, wamo kama wategemezi wa watoto wao walioajiriwa. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu mwajiri na nusu mwajiriwa, na hukatwa kazini kabla mshahara haujatoka. Basi mzee huyo hana cha kutuma. Kwa anayejilipia, malipo ya serikali huenda kwa kumbukumbu namba, yaani control number, yenye tarakimu 12 zinazoanza na 99. Kabla ya kuthibitisha, soma jina la taasisi inayolipwa. Ukipewa namba ya simu na jina la mtu, huo ni wizi. Mwenye shaka aende na kadi yake ofisi ya NHIF ya mkoa, wala asipige namba aliyotumiwa kwenye meseji.

Kadi yenyewe haiazimwi, hata kwa jirani mgonjwa. Ni kosa, na matibabu ya mtu mwingine yataingia kwenye kumbukumbu za mzee.

Kuna wizi ambao familia nyingi hazijauona: kidole. Bibi anakwenda kusajili laini kwa kijana wa mwamvuli. Anaweka kidole, anaambiwa "haijasoma, weka tena." Kweli vidole vya wazee, hasa waliolima au kusuka ukili miaka mingi, husoma kwa shida, ndiyo maana hashtuki. Lakini alama ya pili inaweza kusajili laini nyingine kwa jina lake, na laini hiyo ikatumika kutapeli watu. Aende na mjukuu, na mjukuu aangalie kioo cha simu ya wakala kila kidole kinapowekwa. Baadaye apige *106# kwenye simu ya bibi, ahakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA. Ikionekana asiyoitambua, waende na kitambulisho duka la kampuni husika wakaifute.

Namba ya siri ya fedha za simu isiwe mwaka wa kuzaliwa. Namba ya NIDA yenyewe huanza na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo aliyeshika kitambulisho ameshaiona. Wala namba ya siri isiandikwe nyuma ya simu, jambo ninaloliona mno kwa mawakala. Na mtandao wa simu ukitaka kumpigia mteja hutumia namba 100 tu.

Fedha zikishatoka, haraka ndiyo kila kitu. Tapeli hutoa kwa wakala ndani ya dakika chache, na zikishatolewa kampuni haina cha kurudisha. Pigeni 100 hapohapo, mtaje namba ya muamala iliyo kwenye meseji, muombe fedha zizuiwe. Msimkaripie mzee kwanza. Aliyekaripiwa huficha, na mkijua kesho yake mmechelewa.

Meseji ya tapeli isifutwe. Ipelekeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa namba 15040 pamoja na namba iliyoituma, kisha nendeni polisi mkachukue RB, yaani namba ya taarifa yenu, mkiwa na simu yenyewe mkononi.