Kutengana bila talaka India: nawajibu mlioniuliza

Maswali yamekuwa mengi kuhusu ndoa za India, hasa hii ishu ya mahakama kuwatenganisha watu bila kuwapa talaka. Nachukua machache leo.

Kutengana kwa amri ya mahakama na talaka si kitu kile kile tu?

Hapana kabisa. Wahindu wana sheria yao ya ndoa ya mwaka 1955, na kifungu cha 10 ndo kinamruhusu mume au mke aende mahakamani kuomba watengane, sababu ni zile zile za talaka, ukatili, uzinzi, kutelekezwa miaka 2 na kuendelea, na nyinginezo. Jaji akikubali hamlazimiki tena kuishi pamoja ila ndoa bado ipo. Kwaiyo hakuna kuoa wala kuolewa, ukifanya hivyo ni jinai na kifungo kinafika miaka 7, na mmoja akifariki bila wosia mwenzake bado yumo kwenye mirathi.

Mimi Mtanzania, nimefunga ndoa ya serikali na Mhindi huku Pune, ina miezi 8 na ananipiga. Wakili anasema talaka bado siwezi kuomba. Kweli?

Pole sana dada yangu. Wakili yuko sahihi, ndoa yenu iko chini ya Sheria ya Ndoa Maalum ya 1954 na hiyo hairuhusu kuomba talaka kabla ya mwaka 1 kuisha, labda mahakama ikupe ruhusa kwa sababu ya mateso yaliyopitiliza. Lakini kutengana unaweza kuomba hata kesho, hicho kizuizi cha mwaka hakihusu maombi ya kutengana, na ukatili ni sababu tosha. Afu naomba unisikilize vizuri hapa, usingoje hiyo kesi ndo uwe salama, kuna sheria ya ukatili wa majumbani ya 2005 ambayo hakimu anaweza kumkataza asikusogelee na hata kumwamuru yeye ndo atoke kwenye nyumba, hata kama nyumba haina jina lako. Ukiona hatari toka kwanza, makaratasi yatafuata.

Tukishatenganishwa, akija usiku kudai "haki yake ya ndoa" nifanyeje?

Hana haki hiyo tena. India mpaka leo mume akimlazimisha mke wake mtu mzima anayeishi naye sheria haiiti ubakaji, na mimi hilo linaniuma kila nikiliandika. Ila mkiwa mnaishi mbalimbali, kwa amri ya mahakama au hata bila amri, kukuingilia bila ridhaa yako ni jinai, kifungo miaka 2 hadi 7. Ilikuwepo kwenye sheria ya zamani na ile mpya ya makosa ya jinai iliyoanza Julai 1, 2024 imeibakiza. Nenda polisi, na kama amri ipo beba nakala yake.

Shoga angu ni Mhindu, walitenganishwa kwa sababu mume alikuwa na mwanamke mwingine. Matunzo hajatoa hata siku moja, sasa mwaka umepita anaomba talaka. Atapewa tu?

Hapa ndo wengi wanadanganywa. Ni kweli mwaka 1 ukipita bila kurudiana yeyote kati yao anaweza kuomba talaka, hata yule aliyekosa, ila kuomba na kupewa ni vitu viwili tofauti. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya India iliamua kesi ya Hirachand na Sunanda, mke ndo aliyepata amri ya kutengana kwa sababu ya uzinzi wa mume, mume akaamriwa atoe matunzo ya mke na mtoto wa kike akagoma, akaendelea kuishi na yule mwanamke, afu akaja kuomba talaka eti muda umetimia. Wakamkatalia. Walisema huwezi kunufaika na ubaya wako mwenyewe. Mwambie shoga ako akusanye ushahidi wote wa matunzo ambayo hayajalipwa, benki, meseji, kila kitu, na ampe wakili hiyo kesi kwa jina.

Ni Wahindu tu wanaoweza kuomba kutengana?

Hapana. Wakristo wanayo kwenye sheria ya 1869, na kwa Mkatoliki asiyetaka talaka kwa imani yake inamsaidia sana, Waparsi (wafuasi wa dini ya Zoroasta) nao wanayo kwenye yao ya 1936. Mwanamke wa Kiislamu yeye anatumia sheria ya 1939, ila ile ni ya kuvunja ndoa kabisa.

Tukirudiana je?

Mnarudiana tu, hakuna kufunga ndoa upya. Ila kwa Wahindu nashauri mwende mahakamani muombe amri ifutwe, maana ikibaki kwenye faili afu mkagombana tena, mmoja anaweza kusema hamkuwahi kurudiana, na hapo wewe ndo utahangaika kutafuta mashahidi.