Nundu kwenye mashina ya mipichi: nikate, nipake mrututu au ning'oe?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Nina ekari moja upande wa Ngaramtoni, Arusha, ambako miaka miwili iliyopita nilipanda miche 120 ya mapichi ya kubebesha. Katika palizi ya masika haya nimekuta nundu ngumu, zenye uso wa kukwaruza, kwenye mashina ya miti 17, pale shina linapoingia ardhini. Nyingine zinafikia ukubwa wa chungwa. Jirani ananishauri nizikate kwa panga na kupaka mrututu. Je, ipo dawa? Nikiing'oa miti hiyo, naweza kupanda miti ya jozi (walnut) katika mashimo hayo hayo, kwa kuwa ndugu yangu aliyeko Marekani ameahidi kunitumia mbegu?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa jinsi ulivyozieleza na kwa mahali zilipojitokeza, nundu hizo zinaelekea kuwa ni ugonjwa wa nundu za shina, unaoletwa na bakteria wa udongoni aitwaye Agrobacterium tumefaciens. Hata hivyo, usishike panga kabla ya kuhakikisha. Minyoo fundo, yaani minyoo wadogo sana wa udongoni, nao huvimbisha mimea, lakini wao huvimbisha vijizizi vyenyewe, vikawa kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, wala hawapandi kwenye shina. Nundu za bakteria huanza zikiwa laini na zenye rangi ya maziwa, kisha huwa kahawia, zikapasuka uso na kukauka kama gogo. Chukua nundu moja changa, kwa sababu iliyozeeka si rahisi kumpata bakteria ndani yake, uifunge kwenye gazeti na kuipeleka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo kwa bahati nzuri iko huko huko kwenu Ngaramtoni.

Kuhusu dawa, jibu ni kwamba hakuna dawa ya kuponya nundu iliyokwisha kuota, na inafaa uijue sababu yake, maana ndiyo itakayokuokoa na wauzaji wa chupa zisizo na faida. Bakteria huyu hawezi kuutoboa mti usio na jeraha. Huvutwa na utomvu unaotoka kwenye jeraha, huingia hapo, kisha hupenyeza kipande cha vinasaba vyake ndani ya seli za mti. Seli zilizopokea kipande hicho huanza kujitengenezea homoni za ukuaji kupita kiasi, zikagawanyika bila mpangilio, na papo hapo humpikia bakteria chakula ambacho viumbe wengine wengi wa udongoni hawawezi kukitumia. Wamarekani Smith na Townsend walithibitisha mwaka 1907 kwamba bakteria ndiye chanzo cha nundu, lakini ilichukua hadi mwaka 1977 kuonekana dhahiri kwamba vinasaba vyake hubaki ndani ya mmea. Maana yake kwako ni kwamba hata ukiwaua bakteria wote leo, nundu itaendelea kukua kwa amri iliyokwisha kuandikwa ndani ya seli za mti wenyewe.

Ndiyo maana siukubali ushauri wa jirani yako, ingawa najua ameutoa kwa nia njema. Mrututu hubaki juu ya gamba na hauzifikii seli zilizobadilishwa. Panga nalo lina hatari zaidi, kwa kuwa linafungua jeraha jipya katika mti huu na kuupelekea mti unaofuata bakteria waliobaki kwenye ubapa wake, na kwa namna hiyo miti 17 inaweza kuwa 30 kwa asubuhi moja ya kazi. Usimwage majivu shinani pia, jambo ambalo wengi wetu hulifanya kwa mazoea: majivu hupunguza tindikali ya udongo, na bakteria huyu hustawi zaidi katika udongo usio na tindikali.

Ningekuwa mimi, ningeing'oa yote 17. Katika mti mkubwa wenye kuzaa, nundu iliyoshika sehemu ndogo ya shina huweza kuvumilika kwa miaka, na kwa wakulima wa jozi wa California wapo wanaofukua shina, kukata nundu hadi kwenye sehemu ya mti isiyo na ugonjwa na kuunguza kingo kwa moto wa gesi. Lakini hiyo ni kazi ya gharama, hufanyiwa mti wenye thamani, na nundu inaweza kurudi. Mti wa miaka miwili ambao nundu yake inalizunguka shina hautakulipa. Ing'oe miti hiyo wakati udongo ni mkavu, toa mizizi kadiri uwezavyo, na uchome kila kitu hapo hapo shambani. Usitupe kwenye lundo la mboji.

Miti 103 iliyobaki ndiyo inayostahili nguvu zako. Baadhi yake huenda imeambukizwa bila kuonyesha dalili, kwa hiyo ikague kila baada ya miezi mitatu. Jembe lisifike karibu na shina. Palilia kwa mkono umbali wa nusu mita, na matandazo yasiguse gamba. Ondoa mbuzi wanaofungwa kwenye miti, kwa kuwa kamba huchubua, na uwadhibiti fuko, ambao meno yao hufungua mlango ule ule. Kama unamwagilia kwa mfereji, usiruhusu maji yaliyopita kwenye mashimo ya miti migonjwa yaende kwa mizima. Makasi na visu vioshwe kwanza udongo wote utoke, ndipo uvichovye katika jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za maji, kwani klorini hupoteza nguvu ikikutana na udongo. Kisha suuza na upake mafuta, vinginevyo vitashika kutu.

Sitamnyooshea kidole aliyekuuzia miche, ingawa mara nyingi ugonjwa huu husafiri kwa njia hiyo na mche huweza kuonekana safi siku ya kununuliwa. Safari nyingine kagua mizizi na sehemu iliyobebeshwa, na ukikuta nundu kwenye mche mmoja, kataa fungu lote, usichague iliyo safi. Ipo pia kinga ya kibayolojia, bakteria rafiki wa aina ya K84 aliyefanyiwa kazi na mtafiti Allen Kerr huko Australia, ambamo mizizi huchovywa kabla ya kupanda. Hiyo ni kinga tu. Haiponyi, na kwenye mizabibu haifai. Atakayekuuzia kama tiba, mwulize kwanza usajili wake.

Kuhusu jozi, nakusihi usizipande hapo. Jozi ni miongoni mwa miti inayoteswa sana na bakteria huyu. Kule California, miche chotara iitwayo Paradox, inayopendwa kwa nguvu ya mizizi yake, ndiyo inayojulikana kwa kuugua, na wakulima hushauriwa kuchuma mbegu mtini badala ya kuziokota chini, ambako zinaweza kubeba bakteria. Zaidi ya hayo, jozi huhitaji majira ya baridi kali ili ichipue vizuri, na mbegu kutoka nje haziruhusiwi kuingia bila kibali na cheti cha afya ya mimea, hata zikiletwa na ndugu ndani ya begi.

Bakteria huyu huweza kubaki udongoni kwa miaka kadhaa, na hushambulia zaidi ya spishi 600 za mimea, nyanya na alizeti zikiwamo. Mimea ya jamii ya nafaka na nyasi, pamoja na migomba, kwa kawaida haimpi nafasi. Basi katika mashimo yale 17 weka migomba, au mahindi na mabingobingo kama una ng'ombe wa kulisha, na usirudishe mti wa matunda hapo kwa angalau miaka mitatu.