Wamenyamaza, sasa nimeshinda kesi?

SWALI: Habari ya kazi wakili. Mimi nauza omena hapa Kibuye, Kisumu. Mwaka jana askari walinikamata Jumatano jioni nikakaa seli mpaka Jumapili, sikupelekwa kortini, sikuambiwa kosa, na magunia yangu mawili ya omena yalibaki nje yakanyeshewa yakaoza. Pesa ya wakili sina, kwa hivyo nikaandika petisheni mwenyewe, kijana wa saiba akanitaipia na kuiingiza kwa ile sistimu ya korti, tukawasavu. Hii ni wiki ya saba hakuna mtu amejibu. Binamu yangu ako Marekani anasema huko ukishtaki polisi na wanyamaze unaandika tu ombi la hukumu na umeshinda. Nikaandika ombi kama hilo, nikaambiwa haliko hivyo, basi. Nimeshinda ama sijashinda? – *Mama Omena, Kisumu*

JIBU: Pole sana mama. Usiku nne kwa seli bila hata kuambiwa umekosa nini, na mtaji unaozea nje, hiyo si kitu ya kusahau, na nimefurahi kwamba hukukaa nayo moyoni. Bado hujashinda. Lakini uko pazuri kuliko unavyofikiria, ukiacha kukimbiza hiyo hukumu ya upande mmoja na uombe kitu chenye sheria inakupa.

Ombi uliloandika ni la kesi za kawaida za madai, Oda ya 10 ya kanuni za kesi hizo, ile ya mtu anayemdai mwenzake deni na mwenzake amejificha. Na hata huko serikali ina ukuta wake, hukumu haitolewi dhidi yake kwa sababu tu haikujibu, mpaka kwanza uombe ruhusa ya korti na wao wapewe hilo ombi siku saba kabla. Wewe hukuleta deni, umeleta petisheni ya haki chini ya Kifungu cha 22 cha Katiba, na hiyo ina kanuni zake za 2013, zile wengi wanaita Kanuni za Mutunga kwa sababu zilitolewa na Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga. Kanuni ya 15 inaipa serikali siku 14 za kujibu tangu isaviwe, yaani ikabidhiwe rasmi karatasi za kesi. Kanuni ya 16 inasema wasipojibu, korti inaweza kusikiza petisheni na kuiamua bila wao. Hapo neno ni kusikiza, mama. Jaji bado atasoma karatasi zako na kujiuliza kama yale unayosema yametosha, hata kama kile kiti cha upande wa pili kiko tupu.

Kwa hivyo siku ya mensheni, ile ya kuitwa mbele ya jaji kupanga kesi iendelee vipi, usiseme "naomba hukumu kwa sababu wamenyamaza." Simama useme: niliwasavu tarehe fulani, hati ya kiapo ya kusavu iko kwa faili, siku 14 zimeisha, naomba petisheni isikizwe chini ya Kanuni ya 16. Kama Kiingereza kinakusumbua sema mapema, karani wa korti atakutafsiria.

Lakini hiyo hati ya kiapo iko? Hapa ndipo nimeona kesi nyingi za watu wasio na wakili zikianguka, na inaniuma kwa sababu mara nyingi mtu ana ukweli wote upande wake. Umesema "tukawasavu" na ukaishia hapo. Mlimwachia nani zile karatasi? Askari wa geti? Serikali husaviwa kupitia ofisi ya Mwanasheria Mkuu, si kwa kuacha bahasha kwa dawati la kituo. Toa kopi yako uiangalie saa hii: ina muhuri wa kupokelewa, na tarehe inasomeka? Kama haina, rudi usavu upya kwa njia sahihi hata kama unaona umepoteza hizo wiki saba, kwa sababu bila hiyo hata ukipewa uamuzi kesho, watakuja kuufuta.

Halafu ushahidi. Umeandika "Jumatano jioni." Saa ngapi? Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, mwisho ni jioni ya siku ya korti inayofuata. Ukikamatwa Jumatano saa kumi na mbili jioni, saa 24 zinaisha Alhamisi korti imeshafungwa, kwa hivyo walikuwa na mpaka Ijumaa jioni. Wewe ulitoka Jumapili, wamepita kwa vyovyote. Lakini ingekuwa ulikamatwa Ijumaa jioni ukatoka hiyo Jumapili, hesabu ingekuwa tofauti kabisa, hata kwa uchungu ule ule. Ndio maana nataka saa, nataka namba ya OB (lile daftari la matukio la kituo cha polisi), nataka hati ya kiapo ya yule aliyekuletea chakula pale kituoni akakuona ndani Jumamosi. Na magunia: risiti ya uliponunua, picha kama mtu alipiga, jina la jirani wa kibanda aliyeyaona yakinyeshewa. Tangu kesi ya Anarita Karimi ya 1979 majaji wetu wanataka useme haki gani imevunjwa, kifungu gani, na vipi. Kusema "walinionea" hakutoshi, hata kama ni kweli tupu.

Binamu yako hajakudanganya, amesikia nusu. Kwenye korti za shirikisho za Marekani karani huandika kwanza kwamba mshtakiwa hakujibu, ndio mtu aombe hukumu, na kama fidia inahitaji kupimwa jaji anaweza kuita ushahidi. Ukiishtaki serikali yenyewe ya shirikisho lazima uridhishe korti kwa ushahidi hata kama imenyamaza. Na mfungwa anayeshtaki akiwa jela ana shida kubwa zaidi, sheria ya 1996 inaruhusu aliyeshtakiwa asijibu kabisa, na kunyamaza kwake hakuhesabiwi kuwa amekubali. Watu huko wanaandika hayo maombi kila siku kwa mkono na yanakataliwa kwa sababu hizo hizo ninazokwambia.

Ukipewa fidia, usiite dalali akamate gari la serikali, hairuhusiwi. Utaomba korti cheti cha amri uwapelekee walipe.

SWALI: Niko Nakuru. Korti ilinipa uamuzi kwa petisheni yangu ya haki, upande wa pili haukuja. Miezi mitatu baadaye wakatokea wakasema hawakujua kuna kesi, jaji akaufuta. Hii ni haki? – *Kijana wa Nakuru*

JIBU: Inauma kaka, najua, lakini Kanuni ya 16 ile ile inampa jaji nguvu ya kuufuta. Kama kweli hawakusaviwa, uamuzi huwa hauna miguu tangu mwanzo. Kama walisaviwa wakazembea, korti inaangalia walichelewa kwa nini na wana jambo gani la maana la kusema, na unaweza kuomba wakulipe gharama ulizotumia bure, nauli zikiwemo. Kesi yako iko hai. Usikasirike ukaacha kwenda, omba tarehe ya karibu, na wapigie mashahidi wako leo ujue kama bado wako Nakuru na kama namba zao hazijabadilika.