Mfumo mdogo kabisa, au mfumo usiopunguzika?

SWALI: Natafsiri mhadhara wa hisabati kuhusu mifumo ya mwendo. Kuna mifumo, kwa Kiingereza "minimal", yenye sifa kwamba ndani yake hamna mfumo mwingine mdogo zaidi unaoweza kujitegemea. Mimi nimeandika "mfumo mdogo kabisa", mwenzangu anashikilia "mfumo wa kiwango cha chini". Tuamulie.

JIBU: Nawanyima ushindi wote wawili, ingawa wewe umekaribia.

Kiwango cha chini ni cha mshahara, joto au alama za mtihani, yaani vitu vyenye kipimo cha kupanda na kushuka. Hapa hakuna kinachopimwa, kwa hiyo tuliache.

"Mdogo kabisa" kosa lake limejificha zaidi. Chora duara. Simama kwenye nukta moja ya mstari wake, kisha piga hatua ya robo ya mzingo, upande uleule, tena na tena. Hatua ya nne inakurudisha ulikoanzia. Nukta nne ulizokanyaga ni mfumo uliojitosheleza: ukiwa humo hutoki, na ukiondoa nukta hata moja umeuvunja. Sasa badili hatua. Iwe ni mzingo mara kipeuo cha pili cha 2, ambacho hakiandikiki kama sehemu ya namba kamili mbili. Hutakanyaga nukta moja mara mbili kamwe. Lakini chagua kipande chochote cha duara, hata kiwe chembamba kuliko unywele, kuna hatua itakayotua humo. Ukitafuta seti funge (yaani kundi la nukta lenye kingo zake zote ndani) katika duara, pungufu ya duara lenyewe, ambayo mwendo huu hautoki humo, hupati. Ni duara zima au hakuna kitu.

Kwa hiyo nukta nne zina sifa unayoitafutia jina, na duara zima lenye nukta zisizo na idadi nalo linayo. Ukubwa haukuhusika. Msomaji wako akiambiwa duara zima ni "mfumo mdogo kabisa" wa mwendo wake, ana haki ya kufunga kitabu.

Isitoshe, "mdogo kabisa" kwa masikio ya wengi ni mmoja tu, mshindi wa udogo. Tukirudi kwenye hatua ya robo, kila nukta ya duara ina wenzake watatu, na kila kundi la nne ni mfumo wa aina hii. Makundi hayo hayana mwisho na hakuna lililo dogo kuliko jingine. Neno tunalolitaka lisimlinganishe mtu na majirani. Liseme habari ya kitu chenyewe, kwamba ukikipunguza hakibaki.

Ndiyo maana mimi naandika "mfumo usiopunguzika". Usikate herufi hata moja hapo! "Usiopungua" inaonekana fupi na nzuri, lakini tayari ina kazi yake: "watu wasiopungua 50" ni watu 50 au zaidi, na atakayesoma "mfumo usiopungua" atabaki akisubiri namba. Kiambishi -ik- ndicho kinacholeta habari ya kuwezekana. Chakula kisicholika si kile ambacho hakijaliwa, ni kile ambacho huwezi kukila. Hali kadhalika, mfumo usiopunguzika si kwamba haujapunguzwa, bali haukubali kupunguzwa.

Najua pingamizi moja: wanaoshughulika na minyororo ya Markov, yaani mifumo inayohama kwa bahati kutoka hali moja hadi nyingine, watalidai neno hilohilo kwa sifa yao nyingine. Wao nawapa "uliofungamana", kwa kuwa wanachomaanisha ni kwamba kutoka hali yoyote unaweza kuifikia nyingine yoyote.

Jaribu neno hili kwenye sentensi ngumu kidogo. Aliyeileta dhana hii ni Mmarekani George Birkhoff, mwaka 1912. Kwenye duara, kwenye uso wa tufe na nyanja nyingine za jamii hiyo, mfumo wowote wa mwendo usiokatika, hata kama wenyewe unapunguzika, ndani yake mna angalau mmoja usiopunguzika. Inasomeka bila kukwama. Weka "mdogo kabisa" mahali pake uone itakavyochechemea.

Na kama mhadhara wako una mfano wa matumizi, natumaini ni huu. Andika vipeo vya 2: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128 na kuendelea. Je, kuna kinachoanza na tarakimu 7? Unaweza kwenda mbali ukakata tamaa. Lakini tarakimu ya kwanza ya namba inaamuliwa na sehemu ya desimali ya logi yake (kwa kizio cha 10), na sehemu hiyo, kati ya 0 na 1, tunaiweka kama nukta kwenye duara. Hapo kuzidisha kwa 2 ni kupiga hatua kwenye duara, hatua yenye urefu wa logi ya 2, takriban 0.30103 ya mzingo, nayo haiandikiki kama sehemu. Namba zinazoanza na 7 ni kipande cha duara hilo, kati ya logi ya 7 na logi ya 8. Mfumo haupunguziki, basi kipande hicho lazima kikanyagwe. Kinakanyagwa mara ya kwanza kwenye 2 kwa kipeo cha 46, ambayo ni 70,368,744,177,664.

Jambo dogo la mwisho: njia anayoipita nukta hatua kwa hatua umeiita "mzingo". Iite obiti. Mzingo ni urefu wa kulizunguka duara, na katika somo hili utauhitaji kila ukurasa.